Tulivyokwenda Ndera Kuposa Wimbo

Baba yangu hapendi muziki wa roki. Nalisema mapema ili huko mbele asije akasifiwa bure. Miaka yote ambayo nimeimba kwenye bendi yeye huiita kazi hiyo "yale makelele", na majirani zetu wa Kabeza wakimuuliza binti yake anafanya nini, hujibu kwamba nakagua mizigo ofisini. Ni kweli, nakagua mizigo. Kisha huanza kuzungumzia mvua kabla hawajauliza la pili.

Alikuwa mwalimu wa jiografia huko Karagwe, tulikokulia wote wawili, yeye na mimi, kabla familia haijarudi Rwanda. Kiswahili chake ni cha ubaoni, kimenyooka, na hukitumia kuwatukana watu bila wao kujua wametukanwa. Kipaji hicho ndicho kilichomfanya awe msemaji wa harusi. Kwa asiyejua, hapa kwetu siku ya gusaba, yaani siku ya kuposa, bwana harusi hafungui mdomo. Kila upande una mzee wake wa kuusemea, na wazee hao hukaa wakitazamana, wakachokozana mbele ya wageni mpaka watu washike mbavu. Mzee wa upande wa binti hujifanya hajui wageni wamefuata nini. Atasema binti yuko ng'ambo anasoma. Atasema amekuwa mtawa. Akibanwa sana ataleta msichana mwingine kabisa, jirani au binamu, aseme ndiye huyu, mchukueni mwende zenu. Hapo mzee wa upande wa bwana lazima amkatae yule msichana kwa maneno matamu, pasiwe na mtu wa kuumia.

Baba alikuwa bingwa wa kukataa. Watu walikuwa wanamfuata kutoka mbali aje tu awakatalie wasichana. Siku hizi familia zinakodi vijana wenye suti za kubana, wamevaa vipaza sauti vidogo masikioni, na baba hukaa uani Jumamosi akisikiliza sherehe za majirani na kuwasahihisha kupitia ukuta.

Sasa bendi. Tuko wanne. Mpiga drams alikulia Bujumbura na anauza vigae vya sakafu Remera. Mpiga besi alikulia Kampala, ni ofisa wa serikali, na kwa wiki nzima hufunga tai na kusema kama tangazo la redio. Mpiga gitaa ni mtu wa Goma na haongei, ndiyo maana hajawahi kugombana na mtu. Wa nne ni mimi, mwimbaji, na mimi nagombana na wote. Tunafanyia mazoezi Ndera, katika nyumba ya mpiga besi ambayo haijaisha kujengwa, kwa sababu kwingine kote tulifukuzwa. Mjini hapa mtu akianza vituko huambiwa atapelekwa Ndera, kwenye hospitali ya akili. Baba husema sisi tuliwapunguzia watu kazi, tulijipeleka wenyewe.

Mwaka jana niliwaambia wenzangu kwamba nataka kutoa albamu yangu peke yangu. Sikuwa nimechoka nao. Nilikuwa na nyimbo za kunong'ona, na katika bendi yetu hakuna anayejua kunong'ona, hata yule asiyeongea akishika gitaa hupiga kama ana kesi. Mpiga gitaa aliitikia kwa kichwa. Mpiga besi alinipa mkono wa pongezi kama ananikabidhi cheti. Mpiga drams aliendelea kukaza skrubu ya ngoma yake, skrubu ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

Kuanzia hapo alininunia. Nimenuniwa na watu wengi maishani, lakini huyu alinuna kwa ustadi. Mazoezini alikuja, drams alipiga, na mimi alinisalimu kwa Kifaransa, lugha anayoitumia kwa wateja asiowapenda. Nikamwambia na yeye aende zake. Akajibu "merci", basi ikawa hivyo miezi.

Tatizo likawa wimbo mmoja. Tunao wimbo unaoitwa "Ndege za Kabeza", ambao ndio hufunga kila onyesho letu, na kuna watu huvumilia zile nyingine zote kwa ajili yake. Maneno ni yangu. Muziki ni wa wote wanne, tuliupika pamoja huku tukitukanana. Fundi wa studio aliposikia albamu yangu alisema ni nzuri lakini haina uti wa mgongo, niuweke ule wimbo, niupunguze mwendo, niuimbe kwa sauti ya chini. Alisema kweli. Bila ule, nilikuwa na rundo la nyimbo tu.

Ningeweza kuurekodi kimya kimya. Nani angenishtaki? Lakini baada ya hapo ningekaa nao vipi katika ile nyumba isiyo na madirisha? Niliutaka wimbo, na wao niliwataka pia, na moyoni nilikuwa na hofu kwamba nitaambulia kimoja. Hofu hiyo ilininyima raha kuliko nilivyotaka kukubali, kwa hiyo nikaamua kuwaomba, tena uso kwa uso, Jumapili baada ya mazoezi.

Mpiga drams alinisikiliza hadi mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aninunie, akaniambia kwa Kiswahili, "Kwa hiyo unataka mtoto wetu."

"Nataka wimbo."

"Mtoto wa watu hachukuliwi hivihivi kama sahani ya kuazima, dada. Lete mzee. Lete pombe. Njoo umpose."

Wenzetu walicheka. Mpiga besi akajiteua papo hapo kuwa msemaji wa upande wao, akaanza hata kusafisha koo. Mimi mtu akinichokoza namrudishia mara mbili, ndivyo nilivyozaliwa. Nikawaambia sawa, Jumapili ijayo wanitarajie na baba yangu, na watandike vizuri.

Baba alikataa kwa muda wa nusu kikombe cha chai. Binti kwenda kuposa, tangu lini? Kuposa makelele, ndiyo kabisa. Kisha akauliza, kama mtu asiyejali, "Na upande wa pili anasema nani?"

"Mpiga besi, yule ofisa."

"Yule wa Kampala?"

"Huyohuyo."

"Nitamla mzimamzima," akasema, akaenda kutafuta fimbo yake.

Nilimpa maelekezo wiki nzima. Tunataka "Ndege za Kabeza" na si kitu kingine. Watasema hayupo, watasema hili na lile, mwishoni watamtoa mwingine wa kichekesho, na hapo baba amkatae kama kawaida yake. Alinitazama juu ya miwani. "Unanifundisha mimi kukataa?" Nilimchezea wimbo wenyewe kwenye simu ili aujue, akausikiliza huku akitazama dari na kuniuliza kama kuna sehemu nyingine ambapo mtu hapigi kelele.

Jumapili ilipofika tulikwenda na gari la shemeji. Nyuma tulipakia chungu cha pombe ya mtama pamoja na mirija yake, na spika yangu kubwa ya zamani iwe ng'ombe wetu, kwa kuwa posa bila ng'ombe si posa, na ng'ombe wa kweli angeingiaje kwenye gari la shemeji. Baba aliizunguka ile spika, akaipigapiga mgongoni, akauliza kama ina mimba. Alikuwa amevaa koti lake la harusi. Njia nzima alikuwa akijisemea maneno chini chini na kutabasamu peke yake, na nilifurahi kumwona vile, hata kama mwisho wake ningerudi mikono mitupu.

Wenzangu, loo, walikuwa wamejiandaa. Viti vya plastiki vimepangwa safu mbili zinazotazamana kwenye sebule isiyo na plasta. Drams zimefunikwa kitenge. Mpiga besi amevaa suti, na mpiga drams shati jeupe ambalo sikuwahi kumwona nalo. Hata mpiga gitaa alikuwa amechana nywele. Nikakaa nyuma ya baba, kimya, kama bwana harusi anavyopaswa.

"Mzee, karibuni," mpiga besi akaanza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Lakini mulichelewa. Hapa kwetu mutu anachelewa iko na faini."

"Hatukuchelewa," baba akasema. "Tulifika mapema, tukaona nyumba haina madirisha, tukarudi nyuma kidogo tuwape muda wa kumaliza kujenga."

Mpiga gitaa, yule asiyeongea, alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo ilikuwa ni burudani tupu. Mpiga besi alisema hawana mtoto yeyote, wao ni watu wapweke. Baba akasema ajabu, kwani kelele za huyo mtoto asiyekuwepo zinafika hadi uwanja wa ndege wa Kanombe na ndege zinaogopa kutua. Mpiga besi akasema sawa, mtoto yupo, lakini yuko Ulaya anasoma. Baba akasema amsalimie, na kwamba ng'ombe wetu yuko tayari kumfuata huko, ana pasipoti. Mpiga besi akasema, basi ukweli ni kwamba ameingia utawa. Baba akavua miwani, akaifuta polepole, akasema yeye ni mkongwe na amewaona masista wengi, lakini hajawahi kumwona sista mwenye besi. Hata mimi, bwana harusi, nilijisahau nikacheka.

Ndipo mpiga besi akasema maneno tuliyokuwa tukiyangoja. "Mzee, umetushinda. Mutoto huyu hapa. Mumuchukue."

Mpiga drams akasimama, na mpiga gitaa akashika gitaa lake. Nikajua mara moja ni wimbo gani, nikauma mdomo nisicheke.

Hapa lazima nieleze. Mpiga drams ana wimbo mmoja, mmoja tu, alioutunga mwenyewe. Unahusu maharage. Mama yake, kule Bujumbura, hakupenda mgeni aondoke. Mgeni akiinuka tu, mama anamwambia kaa kidogo, maharage hayajaiva. Wakati mwingine hata jiko halikuwa limewashwa. Basi wimbo wenyewe ndio huo, gitaa la kurudiarudia na sufuria ya maharage. Tangu bendi ianze, kila tukichoka au tukigombana, yeye huuimba kwa sauti yake ya kukwaruza na sisi hucheka, na yeye hucheka zaidi yetu. Hatujawahi kuupiga mbele ya watu. Kama kuna wimbo ulioumbwa kuwa msichana wa kukataliwa, ulikuwa ule.

Akaimba.

*Kaa kidogo, kaa,*
*viatu viache pale mlangoni,*
*maharage hayajaiva.*

Baba alisikiliza mikono yote miwili ikiwa juu ya fimbo. Hakutazama dari. Wimbo ulipoisha niliinama mbele nisikie vizuri ule ukataaji wake maarufu.

"Mbona huyu ni mzuri," baba akasema. "Tunamchukua."

Mpiga besi alitazama pembeni kana kwamba kuna karatasi mahali inayosema afanye nini sasa. "Mzee, hapana, huyu ni wa... Wewe unapaswa kukataa."

"Nikatae kwa nini? Si mmemleta wenyewe? Au kwenu huwa mnatoa watoto wa watu nje kuwachezea?"

"Lakini yule mwenyewe..."

"Yule si mmesema ni mtawa? Mwacheni asali."

Nilimvuta koti kwa nyuma. Nikamvuta tena, kwa nguvu, mshono ukalia. Badala ya kugeuka, alivuta chungu, akaingiza mrija, akanywa. Kwa wazee wetu jambo hilo halina rufaa. Mkishanywea chungu kimoja, neno limekwisha, hata kama umeoa mbuzi. Kisha baba akachukua mrija wa pili na kumnyooshea mpiga drams, si mpiga besi aliyekuwa msemaji. Mpiga drams alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, najua tu hakikuwa kitu cha kumfurahisha mtu. Alikuja, akapiga magoti kwenye saruji, akanywa.

Kurudi sikufungua mdomo mpaka barabara ya uwanja wa ndege. Hapo nikaufungua, na haukufungika. Nikamwambia baba kwamba ameniharibia albamu, kwamba wiki nzima nilimwelekeza neno moja tu, kataa, kataa, kwamba nimekwenda kuchukua wimbo wangu mwenyewe nikarudi na sufuria ya maharage. Nikamwambia amezeeka. Hilo lilinitoka kabla sijalipima. Alitazama nje ya dirisha akaniacha nimalize.

"Kauimbe kwanza," akasema. "Ukishauimba, njoo unitukane vizuri."

Nisingeuimba. Lakini neno lilikwisha kunywewa, na kurudi Ndera kusema posa ile ilikuwa mchezo, wakati mtu amepiga magoti, nilishindwa. Nikaenda studio, Remera, chumba kilicho nyuma ya duka la nguo, nikamwambia fundi kwamba tutajaribu wimbo fulani wa kijinga, tuumalize haraka.

Niliuimba kwa kunong'ona, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya albamu. Nilipofika kwenye ule mstari wa viatu vya mlangoni nikakwama. Fundi akauliza kuna nini. Nikasema vumbi. Huwezi kumnong'oneza mtu *kaa kidogo* ukaendelea kucheka, jaribu uone. Miaka yote tulikuwa tukiusikia kwa makelele yake, na mimi sasa nilikuwa nausikia kama anaongea na mtu aliyekwisha kuinuka, aliyeshika mkoba. Mtu huyo nilimfahamu. Niliona aibu na nilimkumbuka rafiki yangu mpiga drams, yote kwa pamoja, na nikamwomba fundi azime kila kitu kidogo.

Siku ya pili yake mpiga drams alikuja studio bila kuitwa, na begi dogo. "Nimekuja kumtazama mtoto wetu anavyoishi ukweni," akasema. Kwa Kiswahili. Familia ya binti ina haki hiyo, hakuna anayeweza kuwafukuza. Nikamkaribisha. Alisikiliza nilichorekodi, mara moja, ameinama, kisha akatoa kwenye begi zile brashi za waya za kupigia drams taratibu, bado ziko ndani ya plastiki. Alipiga wimbo mzima bila kuamsha mtu. Nikamuuliza tangu lini anajua kunong'ona.

"Hamkuwahi kuniuliza," akasema. Kisha akanicheka mpaka nikamrushia chupa ya maji.

Albamu imetoka, na "Maharage" ndio wimbo wa kwanza. "Ndege za Kabeza" umebaki kwenye bendi na bado ndio tunaofunga nao, na mimi ndiye niuimbaye, kwa kuwa sijaenda popote. Mpiga besi anadai mpaka leo kwamba alishinda ule mjadala.

Nilimpelekea baba albamu uani. Alivaa visikizio vyangu vikubwa vya masikioni, akafumba macho, na sikujua kama anasikiliza au amelala. Alipovivua nikakaa karibu naye. Nikamwambia sikuja kumtukana. Nilitaka kujua tu. Alikuwa bingwa wa kukataa, na wiki nzima nilikuwa nimemwambia akatae, ilikuwaje?

Alifikiri kidogo.

"Yule msichana anayetolewa kwanza," akasema, "huwa anacheka. Siku zote. Anajua hachukuliwi, macho yake yako kwa wenzake, anataka yaishe akale. Ndiyo maana ni rahisi kumkataa. Mwenzako yule hakucheka. Na shati lake lilikuwa jipya, mikunjo ya dukani haijatoka."

Nikalikumbuka lile shati jeupe.

"Nimewakataa mabinti wengi wa watu, mama. Lakini aliyevaa kwa ajili ya kuchukuliwa, huyo sijawahi kumkataa."

Kisha akavivaa tena visikizio, akaniambia niurudishe ule wa maharage mwanzo, na nipunguze makelele.